Sauti ya Marehemu Mume Wangu Ndani ya Filamu Mpya

Kabla hujasema huyu dada amechanganyikiwa, naomba unisome mpaka mwisho. Ukishafika huko, sema unachotaka.

Mume wangu alifariki. Nilimzika, nikamlia, nikagawa nguo zake, nikaanza kuzoea kitanda kipana.

Halafu asubuhi moja ya kawaida kabisa, nikiwa kazini, nikamsikia anaongea.

Si ndotoni, wala si kichwani. Nilimsikia kwenye simu ya mteja.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba changu cha kazi kando ya barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni na benchi la wateja. Siku hiyo mteja mmoja, dada mcheshi sana, alifuata gauni lake. Lilikuwa bado pindo. Nikamwambia akae kidogo. Waliowahi kushonesha nguo wanajua "kidogo" ya fundi ilivyo.

Akakaa, akatoa simu, akaanza kuangalia filamu. Sauti juu, hajali mtu.

Mimi naendelea na pindo langu, wala sisikilizi. Mara:

"Aaah, Mama Uzi huyo! Anafunga begi. Mama Uzi, unakwenda wapi na jua lote hili?"

Mguu ukaganda kwenye pedali. Sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

Mama Uzi ni mimi. Na aliyekuwa akiniita hivyo ni mtu mmoja tu, aliyenioa.

"Dada," nikasema, "hiyo filamu ya lini?"

"Hii? Mpya hii, imetoka juzi tu. Kwani umeiona?"

"Nani anatafsiri?"

"Anaitwa Kipaza. Huyu jamaa atanivunja mbavu! Sikia hapa, sikia..."

Akanisogezea simu. Nikasikia ile pumzi anayovuta kabla ya kuleta utani. Nikasikia kile kicheko cha puani. Nilikaa na ile pumzi na kile kicheko miaka yote ya ndoa yangu. Hakuna wa kunidanganya.

Nikampa gauni lake hivyo hivyo, aondoke. Alirudi kesho yake kulalamika kwamba limebaki na pini, na alikuwa na haki.

Ngoja nirudi nyuma, mnielewe.

Mume wangu alikuwa mtafsiri wa filamu. Vijana wa leo huenda hamjui kazi hii ilivyoanza. Zamani watu hawakuwa na filamu mfukoni. Kulikuwa na banda la video, viti vya mbao, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, deki moja ya kanda, na mtu mmoja amekaa pembeni na kipaza sauti. Filamu inaongea lugha yake, yeye anaongea Kiswahili juu yake. Stelingi, yule shujaa wa filamu, ni yeye, adui ni yeye, mama wa stelingi ni yeye. Farasi akilia, ni yeye.

Ndiyo wakamwita Kipaza.

Lugha zenyewe hakuwa anazijua sana, tusidanganyane. Asichokijua alikijazia. Na watu walimpendea hiyo hiyo kujazia.

Banda lilitazamana na nyumba yetu, barabara tu katikati. Spika ilifungwa nje, juu ya mlango, ivute wateja. Kwa hiyo mimi nikiwa nyumbani nafua, namsikia mume wangu mchana kutwa.

Na yeye alijua namsikia.

Basi akaanza kunitumia ujumbe kupitia midomo ya waigizaji. Stelingi yuko juu ya paa, maadui wamemzunguka na mapanga, anafungua mdomo: "Mama Uzi, zima jiko, nasikia harufu ya kuungua mpaka huku!" Banda zima linaangua kicheko. Mimi mbio jikoni, na kweli nakuta linaungua.

Adui anakata roho, neno lake la mwisho: "Mama Uzi, leo nachelewa, mama asisahau dawa yake."

Ndivyo tulivyoishi. Hatukuwa na simu. Filamu za watu ndizo zilikuwa simu yetu.

Kisha watu wakaanza kununua deki zao majumbani. Zikaja sidii, mume wangu akahamia kurekodi chumbani, amejifunika blanketi gubigubi ili kelele za barabara zisiingie, anatoka humo amelowa kama aliyetoka kuoga. Zikaja flashi. Zikaja simu za kugusa. Banda likageuka stoo ya saruji. Kila mtu akawa na banda lake mfukoni na vispika vyake masikioni, anacheka peke yake kama mwehu.

Mume wangu akawa anachekesha watu asiowasikia. Alisema kazi imekosa chumvi.

Asubuhi moja aliweka kikombe cha chai mezani, hakukinyanyua tena. Moyo. Hakuwa ameumwa hata mafua.

Msibani aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote ni mtafsiri mwenzake, mshindani wake wa siku zote, tuliyemwita Mkwaruzo. Sauti yake ilikuwa kama sidii iliyokwaruzwa, na watu walimwambia hivyo usoni. Alishika jeneza akasema, "Kipaza, umeniachia kazi nisiyoiweza."

Hatukujaliwa mtoto. Nikabaki na mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mdogo wa mwili, mkali wa macho, na ni mtu wa redio. Hiyo redio aliilinda. Betri zikichoka anazianika juani, zikikataa anazigonga, zikikataa tena anazisema. Ilipokufa kabisa, nikamnunulia simu ya kugusa, maana siku hizi hata redio inasikilizwa humo humo.

Aliipokea kwa vidole viwili, utadhani nimempa panya.

"Sasa mimi nitabonyeza wapi, mwanangu? Kitu chenyewe hakina hata kitufe."

Nikamfundisha kupokea simu na kufungua redio, basi. Tangu hapo kila nikirudi namkuta kafumba macho, vispika masikioni. Nasema moyoni, mama yuko na taarifa yake ya habari. Nami nachukua simu yangu, naangalia mishono mipya. Tunakula hivyo, kila mtu na kioo chake. Hakuna ugomvi, hakuna kelele. Mimi niliita hiyo amani.

Sasa kuna seremala.

Alikuja kutengeneza mguu wa meza yangu ya kukatia. Mguu ukapona. Akarudi kuangalia kama umepona. Akarudi tena kuhakikisha kama umepona kweli. Jirani yangu wa saluni akaniambia, "Shoga, huyo hatibu meza."

Ni mgane, mpole, penseli haibanduki sikioni. Akaniomba tuoane. Nikaenda kumwambia mama mkwe, maana mzazi wangu aliyebaki ni yeye.

Alikaza fundo la kanga yake. Akatabasamu. "Mungu akubariki, mwanangu."

Nikafurahi. Nikanunua kitambaa cha rangi ya maziwa, nikaanza kujishonea gauni kimyakimya. Nilikuwa nalificha kabatini, chini ya mashuka. Hata jirani wa saluni, ambaye anajua mpaka maumivu yangu ya tumbo, hakuliona.

Na hapo ndipo marehemu akaanza kuongea.

Siku ile ya mteja nilifunga kazi mapema nikaenda saluni kwa jirani. Alikuwa anamsuka mtu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia.

Akanitazama. "Umekula leo?"

"Achana na kula. Nimemsikia."

"Itakuwa filamu ya zamani. Si alirekodi nyingi?"

"Waigizaji wana simu hizi hizi za juzi juzi mkononi! Yeye alikufa zikiwa hazijatoka."

Akafikiri. "Nimesikia siku hizi kuna mashine zinaiga sauti za watu."

"Ziige na Mama Uzi?"

"Si alikuwa anakuita hivyo mpaka kwenye spika? Mtaa mzima tulisikia."

Nikatulia kidogo. Maneno yake yalikuwa na akili. Nikaamua kuutafuta mtandaoni ukurasa wa huyo Kipaza, nijiridhishe, niyamalize.

Kosa hilo.

Filamu ya pili aliyotafsiri ilikuwa na harusi. Bibi harusi amesimama mbele ya kioo, analia. Na mume wangu, kwa ile sauti yake ya kunong'ona aliyokuwa akiitumia akitaka nimsogelee, akasema:

"Mama Uzi, gauni la rangi ya maziwa limekupendeza. Lakini umelificha chini ya mashuka kwa nini? Unamwogopa nani?"

Simu ilinitoka mkononi.

Mashine inaiga sauti, sawa. Mashine inajua kilichomo kabatini kwangu?

Nilikwenda kulifungua lile kabati. Gauni lipo, limekunjwa nilivyolikunja. Nikaangalia chumba. Nikaangalia ukuta wenye picha yake. Nikatoka humo kinyumenyume, jamani, mimi mtu mzima.

Mama mkwe alikuwa kibarazani, vispika masikioni. Nikamgusa bega, akashtuka.

"Mama, samahani. Nikuulize kitu? Wewe... huwa unamsikia marehemu?"

Akavivua vile vispika taratibu.

"Namsikia kila siku, mwanangu," akasema. "Kwani wewe humsikii?"

Alisema bila mzaha, bila huzuni, kama mtu anayekujibu kwamba maji yamechemka. Kisha akarudisha vispika vyake, akafumba macho.

Nikajua tumekwisha. Nyumba nzima imevamiwa.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Mtu akipita barabarani na simu yenye sauti juu, naruka. Yangu niliifungia kwenye ndoo ya unga. Nasikia hata humo inaita, inatetemesha unga, nami nasimama mbali naiangalia. Nikapungua. Jirani wa saluni akawa ananiletea uji ananisimamia ninywe.

Ila hofu ina ujinga wake. Unakimbia kitu, halafu unakwenda mwenyewe kukichungulia. Nikaitoa simu ndooni, nikaipangusa, nikafungua filamu ya tatu.

Ilikuwa ya mjenzi mmoja anayejenga nyumba porini. Anapiga randa, anapiga misumari, jasho linamtoka. Sikutaka kusikia, na sikuweza kuzima.

"Huyu mpiga randa hajui," akasema mume wangu. Hakukuwa na utani wala kicheko cha puani. "Kila msumari anaopiga unaniingia mimi. Mama Uzi, usiende. Ukienda nitajua."

Hapo nilishindwa. Nilikaa chini sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa, nikalia kwa woga. Sikuwa namlilia yeye. Nilikuwa namwogopa mwanaume niliyempenda kuliko wote, na hilo liliniuma kuliko kifo chake.

Na cha kutisha zaidi, aliniongelesha kwa njia yetu ile ile. Mtu mwingine angesema ni filamu tu. Mimi ningesemaje? Mimi ndoa yangu yote nilipewa ujumbe na waigizaji, na kila nilipofuata nilikuta kweli. Jiko lilikuwa linaungua kweli. Sasa anasema usiende, nami niende?

Seremala alikuja mchana wa siku hiyo hiyo. Alikuja na tabasamu na futi ya kupimia.

Nikamwambia hata asikae.

"Naomba tuishie hapa."

Tabasamu likabaki usoni, halijui liende wapi. "Tuishie hapa kivipi?"

"Ndoa. Haipo tena."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kuna mtu amekwambia kitu juu yangu?"

Nikaanza kuokota pini mezani. Akasubiri. Ni mtu anayejua kusubiri, gundi imemfundisha.

Mwisho nikasema ukweli, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga kingine. "Mume wangu hataki."

Akainamisha kichwa. Akaikunja ile futi polepole.

"Ningekuwa na ugomvi na mtu aliye hai ningejua pa kuanzia," akasema. "Huyu nitamfuata wapi nikaongee naye?"

Akaondoka. Sikumwita. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha nikachukua mkasi wa kufumulia, nikafunga chumba, nikaenda nyumbani. Niliamua kulifumua lile gauni mshono kwa mshono, vipande vyake nivichome, labda huyu mtu ataniacha nipumue.

Nilipitia mlango wa nyuma. Jua linawaka, kuku wa jirani wanaparua uani, dunia iko kawaida kabisa.

Nikiwa koridoni nikamsikia.

Safari hii haikuwa filamu. Hakukuwa na muziki, hakukuwa na bunduki. Ilikuwa sauti yake tupu, inatoka chumbani kwa mama yake.

"Mama Uzi, usiende. Ukienda nitajua."

Nikashika ukuta.

Kisha sauti ya mama mkwe: "Hapana. Sivyo. Sema tena."

Kimya.

Halafu marehemu akatii. Mume wangu, aliye kaburini, akamtii mama yake kama alivyokuwa akimtii akiwa hai: "Mama Uzi, usiende, nakuomba."

"Bado. Umekuwa kama unamwomba askari. Mwanangu hakuwa hivyo. Na yale ya 'nitajua' usiyarudishe tena, nilishakwambia jana. Unamtisha mke wa watu."

Akili moja inasema kimbia, nyingine inasema mama yako mkwe yuko humo ndani na maiti. Sijui ipi ilishinda. Nilichojua ni kwamba nimeusukuma mlango, mkasi mkononi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miwani puani, simu mkononi. Peke yake. Na kidole gumba chake, cha yule bibi aliyeniuliza atabonyeza wapi, kilikuwa kinatembea juu ya kioo haraka kuliko changu.

Aliponiona, miwani ikamteleza mpaka nchani mwa pua.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti umeingia. Kidole chake kilikuwa tayari juu yake, kikaugusa.

"Mama Uzi," akasema mume wangu, kwa upole ule wake wenyewe, "usituache."

Kuku nje wanaendelea kuparua.

"Mama," nikasema, "huyo ni nani?"

Akavua miwani. "Mkwaruzo."

Nilikaa pale pale mlangoni.

Akanieleza huku anaangalia sakafu. Mkwaruzo alikuja nyumbani mimi nikiwa kazini. Filamu zake hakuna aliyekuwa anaziangalia. Alikuwa amepata programu ya kompyuta ambayo ukiilisha sauti ya mtu, unaongea wewe, inatoka sauti yake. Akaomba kanda za zamani za marehemu, na hata lile jina la Kipaza.

"Ukampa?"

"Nikampa. Nikamwambia, sitaki chochote, ila kila asubuhi mwanangu aniamkie." Akajipangusa pua kwa ncha ya kanga. "Basi ananiamkia. 'Shikamoo mama, umeamkaje, umekunywa dawa?' Najua si yeye, mwanangu. Sijawa mwehu. Lakini masikio yangu hayajui."

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya habari.

"Na gauni?"

"Nilikuwa natafuta shuka."

"Na kwenye filamu? Kwa nini kwenye filamu, mama? Nimekaribia kufa!"

"Yeye si ndivyo alivyokuwa akikwambia mambo? Nikajua mtaa mzima wanaangalia, itakufikia tu. Sikujua itakutisha hivi. Nilidhani utafurahi kumsikia. Na yale makali ni ya Mkwaruzo, alisema bila makali watu hawaangalii. Leo nilikuwa namrekebisha kwa ajili ya filamu ijayo."

Nilikasirika, nisiwafiche. Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Nikamwambia nimemfukuza mtu mwema leo hii kwa ajili ya mchezo wake. Nikamwambia, kama ulikuwa na neno, mdomo unao, kwa nini hukuniambia wewe mwenyewe?

Akaniacha nimalize.

"Ningekwambia kama nani?" akauliza. "Mtoto na mwanangu hamkupata. Damu yangu haimo kwako. Mimi nikisema usiende, utanikatalia, na ni haki yako. Nikasema, labda mume wake hatamkatalia."

Hasira ikaniishia miguuni.

"Mama, nani kakwambia nakuacha?"

Akainua macho. Yalikuwa yamejaa woga, woga uliozidi wangu.

"Na nani kaniambia huniachi?"

Hakuna aliyemwambia.

Na tulishakubaliana zamani, mimi na seremala. Siku aliyoniomba, neno langu la kwanza lilikuwa kwamba mimi nina mama, na akasema nyumba yake ina nafasi. Jirani wa saluni nilimwambia. Mpaka muuza vifungo nilimwambia, akanisifu. Mama mwenyewe sikumwambia. Niliona ni jambo la wazi. Tulikaa meza moja kila siku na kila mtu kainamia kioo chake, na mmoja wetu alikuwa anahesabu siku za kuachwa.

Nikaenda kukaa kando yake kitandani. Nikamwambia yote. Alilia kimya, kanga mdomoni.

Ile simu ilikuwa kati yetu. Niwaambie kitu kilichonitisha kupita vyote? Nilitaka kuubonyeza tena ule ujumbe. Nilitaka kumwomba Mkwaruzo alitaje jina langu mara moja tu. Nikamwelewa yule bibi mpaka kwenye mifupa.

Badala yake nikampigia seremala. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea.

"Nipe mimi," akasema mama mkwe.

"Mama, utamwambia nini?"

"Nitaongea mwenyewe."

Akapiga kwa simu yake, akaweka sauti ya nje, akakaa wima kama anasubiri kupigwa picha. Ikapokelewa. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa randa.

"Haloo. Mimi ni mama yake marehemu," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka, ya kwake. "Huyu mwanangu hana kosa. Aliyekufukuza ni mimi. Niliogopa kubaki peke yangu, nikamtisha. Unisamehe."

Randa ikanyamaza.

"Shikamoo, mama," akasema seremala.

"Marahaba, baba."

"Mama, kuna kitu nilitaka kukuuliza siku nyingi, naona aibu kuja. Leo nilibeba futi nije nipime na kitanda chako, mambo yakaharibika." Akakohoa kidogo. "Mlango wa chumba chako hapa kwangu ufungukie ndani au nje?"

Mama mkwe alinigeukia mimi, kinywa wazi, machozi yanashuka tu.

Mkwaruzo alizirudisha kanda, hakuzozana. Siku hizi anatafsiri kwa sauti yake mwenyewe. Ni mbaya, inakwaruza masikio, wanaomwangalia ni wachache. Mimi na mama mkwe ni miongoni mwao, na tunamwangalia kwa simu moja.

Somo langu ni fupi. Kama una mzee ndani, au mume, au mtoto, vua hivyo vispika leo, kaa naye. Kisha mwambie kwa mdomo wako lile neno ambalo una hakika anajua. Huenda hajui.